Kuwaelekeza Wanafunzi Kwenye Masomo ya Afya Yasiyo ya Udaktari

Utangulizi

Mwalimu wa sekondari akiwauliza wanafunzi wa Kidato cha Pili ni nani anayependa kufanya kazi ya afya, mikono mingi huinuka. Akiuliza kazi hiyo ni ipi, majibu huwa mawili: udaktari na uuguzi. Miaka miwili baadaye, matokeo ya Kidato cha Nne yanapotoka, wengi wa wale walioinua mikono huwa wamekwisha kukata tamaa, kwa kuwa alama zao za Fizikia au Kemia hazikutosha, na hakuna aliyewaambia kwamba nyumba ya afya ina milango zaidi ya miwili. Baadhi yao huacha masomo wakiamini kwamba wameshindwa katika jambo ambalo, kwa kweli, hawakuwahi kulijua barabara.

Makala haya yanakusudia kumsaidia mwanachuo wa ualimu, pamoja na mwalimu aliyeko kazini, kuwaelekeza wanafunzi wake kwenye masomo matatu ya chuo kikuu ambayo hayazungumzwi sana shuleni. Masomo hayo ni uongozi wa huduma za afya, saikolojia, na matumizi ya kompyuta na simu katika huduma za afya, ambayo siku hizi huitwa afya ya kidijitali. Hoja yetu ni moja: mwanafunzi asielekezwe kwa kusomewa majina ya shahada. Kwanza aione kazi yenyewe inavyofanyika mahali anapoishi, kisha ndipo atafutiwe njia ya masomo inayofika kwenye kazi hiyo.

Mifano tutaichukua Mwanza na kandokando ya Ziwa Viktoria. Tunafanya hivyo kwa kufuata kanuni ya siku zote ya ualimu, yaani kutoka kwenye jambo linalojulikana kwenda kwenye lisilojulikana. Aidha, imetokea kwamba katika eneo hili kazi zote tatu zimejaribiwa vijijini, na matokeo yake kuandikwa wazi. Mwalimu wa Kanda ya Ziwa hana haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi.

Kasoro ya Kuanza na Majina

Mazoea ya shule nyingi ni kubandika ukutani orodha ya vyuo na shahada zake, halafu kumwacha mwanafunzi achague. Njia hii ina kasoro mbili.

Kasoro ya kwanza ni kwamba majina hupotosha. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Dodoma, mathalani, hutoa Shahada ya Elimu katika Saikolojia. Mwanafunzi anayelisoma jina hilo ukutani huweza kudhani kuwa akihitimu atatibu wagonjwa wa akili hospitalini. Sivyo. Shahada hiyo humwandaa zaidi mtu wa kufundisha na kunasihi. Anayetaka kuwa mwanasaikolojia tiba hana budi kuendelea na shahada ya pili, kama ile ya Saikolojia Tiba inayotolewa na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Vivyo hivyo, Shahada ya Mifumo ya Taarifa za Afya ya Chuo Kikuu cha Dodoma ina neno "afya" ndani yake, lakini hufundishwa katika kitivo cha kompyuta. Mwanafunzi anayeikimbilia kwa sababu anaogopa hisabati atakutana na hisabati huko huko.

Kasoro ya pili ni kwamba orodha huchakaa. Vyuo huanzisha masomo mapya, hubadili majina ya masomo ya zamani, na mengine huyafuta. Hata masomo ya Kidato cha Tano hayakai vilevile. Mwezi Machi 2024 Serikali ilitangaza tahasusi mpya 49 juu ya 16 zilizokuwapo, jumla zikawa 65. Mwalimu aliyekariri tahasusi za wakati wake mwenyewe, na kuzitumia kuwashauri watoto wa leo, huwafungia njia bila kujua.

Kazi, kinyume chake, hazibadiliki upesi hivyo. Dawa zitahitaji kuagizwa na kufika kwa wakati. Watu watahitaji kusaidiwa kubadili mazoea yanayowadhuru. Habari za mgonjwa zitahitaji kutunzwa na kupelekwa panapohusika. Mwanafunzi aliyeielewa kazi ataweza kuitambua hata jina la shahada likibadilika.

Mlango wa Kwanza: Uongozi wa Huduma za Afya

Kati ya mwaka 1991 na 1994 ulifanyika utafiti katika vijiji vya Mkoa wa Mwanza ambao matokeo yake yalisomwa duniani kote. Watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, AMREF, na Skuli ya Usafi na Tiba ya Nchi za Joto ya London walichukua jamii 12 na kuzigawa katika jozi sita. Katika jamii moja ya kila jozi waliboresha matibabu ya magonjwa ya zinaa kwenye vituo vya afya na zahanati zilizokuwapo tayari. Hawakujenga hospitali mpya, wala hawakuleta madaktari wapya. Waliwafundisha watumishi waliokuwapo namna ya kutambua na kutibu, wakahakikisha kuwa dawa hazikatiki, na wakawatembelea mara kwa mara kuona kazi inavyokwenda. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1995 yalionyesha kwamba maambukizo mapya ya virusi vya UKIMWI yalipungua kwa takriban asilimia 40 yakilinganishwa na jamii nyingine.

Mwalimu awaulize wanafunzi: ni kitu gani kilichofanya kazi hapo? Dawa zilikuwa zinajulikana tangu zamani. Kilichoongezeka kilikuwa ni mpango: mafunzo, ugavi, usimamizi. Huo ndio uongozi wa huduma za afya. Yafaa pia kuwaeleza wanafunzi wa madarasa ya juu kwamba utafiti mwingine uliofanyika Rakai, Uganda, upande wa magharibi wa Ziwa, ulitumia njia tofauti ya kuwapa watu wote dawa kwa vipindi, nao haukupata upungufu wa namna hiyo. Wataalamu wamejadiliana sana juu ya sababu, ikiwa ni pamoja na hatua ambayo ugonjwa ulikuwa umefikia katika kila eneo. Mwanafunzi ajifunze mapema kwamba jambo lililofaa mahali pamoja halifai kila mahali, na kwamba kiongozi wa afya ni mtu anayepima kabla ya kuiga.

Katika utumishi wetu kazi hii inajulikana. Kwenye halmashauri na katika hospitali kubwa yupo Katibu wa Afya, ambaye hushughulika na watumishi, fedha, majengo, vyombo vya usafiri na mipango, ili mganga apate nafasi ya kuganga. Wapo pia wanaoshughulika na ugavi wa dawa kutoka Bohari ya Dawa, iliyoanzishwa mwaka 1993, na wanaoshughulika na madai ya bima. Kazi za namna hii hazielekei kupungua. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na bima haiendeshwi kwa sindano bali kwa hesabu na uaminifu.

Masomo yenyewe hukusanya mambo mengi: uchumi na uhasibu, sheria, usimamizi wa watumishi, ununuzi, takwimu, na elimu ya kuenea kwa magonjwa. Chuo Kikuu cha Mzumbe, ambacho kilitokana na Chuo cha Uongozi wa Maendeleo na kupata hadhi ya chuo kikuu mwaka 2001, kinatoa shahada ya kwanza katika uongozi wa mifumo ya afya. Wale ambao wamekwisha kuwa na shahada ya kwanza huweza kusoma Shahada ya Uzamili ya Afya ya Jamii, ambayo hutolewa Muhimbili na pia hapa Mwanza katika Chuo Kikuu Katoliki cha Sayansi za Afya na Tiba Shirikishi, juu ya kilima cha Bugando. Chuo hiki kilianza mwaka 2003 kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino cha Nyegezi.

Mwanafunzi wa kufaa katika mlango huu ni yule ambaye, akipewa uongozi wa zamu, zamu hufanyika. Ni yule anayetunza daftari la fedha za klabu likaonyesha kila senti. Mara nyingi mwalimu wa zamu humjua mwanafunzi huyu kuliko mwalimu wa Baiolojia.

Mlango wa Pili: Saikolojia

Mfano wa pili unatuhusu walimu moja kwa moja. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ulianzishwa Mkoani Mwanza mpango wa elimu ya afya ya uzazi kwa vijana uitwao MEMA kwa Vijana. Ulihusisha jamii 20 za vijijini, nusu zikipewa mpango na nusu zikiwa za kulinganisha. Walimu wa shule za msingi walifunzwa kufundisha darasa la 5 hadi la 7, waelimisha rika walichaguliwa, na watumishi wa zahanati walifundishwa kuwapokea vijana kwa heshima. Baada ya miaka kadhaa watafiti walirudi kupima, na mwaka 2007 na 2008 wakapima tena vijana zaidi ya 13,000.

Walikuta nini? Ujuzi wa vijana ulikuwa umeongezeka, na uliendelea kuwa mkubwa miaka mingi baada ya kutoka shuleni. Walimu walikuwa wamefundisha, na watoto walikuwa wameelewa. Lakini maambukizo ya virusi vya UKIMWI hayakuonekana kupungua katika jamii zilizopata mpango kuliko katika zile ambazo hazikupata.

Matokeo haya ni mazito kwa kila anayeshika chaki. Yanatuambia kuwa kujua ni jambo moja na kutenda ni jambo jingine. Kati ya hayo mawili pana umaskini, pana shinikizo la wenzi, pana desturi, pana hofu, pana matumaini au ukosefu wake. Elimu inayochunguza eneo hilo la katikati ndiyo saikolojia. Mwanafunzi wa pwani ya Ziwa anaweza kuliona jambo hili bila utafiti wowote. Kila mtoto wa Ukerewe au Magu amefundishwa kwamba kichocho huingia mwilini kupitia maji ya ziwa, na dawa zake amezimeza shuleni. Hata hivyo jioni anarudi kuoga na kuchota maji pale pale. Si mjinga, pengine hakuna bomba, na rafiki zake wote wako majini.

Saikolojia ina matawi mengi, na mwalimu ayatenge matatu kwa ajili ya wanafunzi wake. Tawi la kwanza ni saikolojia ya elimu na unasihi, inayohusu ujifunzaji, makuzi ya mtoto na ushauri. Tawi hili husomwa katika Shahada ya Elimu tuliyokwisha kuitaja. Tawi la pili ni saikolojia tiba, inayowasaidia wagonjwa kwa mazungumzo na mazoezi yaliyopangwa, sambamba na daktari wa magonjwa ya akili ambaye yeye hupita njia ya udaktari. Hospitali kongwe ya tiba hiyo nchini, Mirembe iliyoko Dodoma, ilianza mwaka 1927, lakini haja ya wataalamu hawa haiko Dodoma tu. Mwanza imezika watu wengi kwa mkupuo mara mbili katika kumbukumbu ya walio hai: MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, na kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018. Kila mara walibaki watoto waliorudi darasani wakiwa wamefiwa. Tawi la tatu ni kazi ya ustawi wa jamii, ambayo si saikolojia kamili lakini ni jirani yake wa karibu. Hufundishwa katika Chuo cha Ustawi wa Jamii, Dar es Salaam, na humtoa Afisa Ustawi wa Jamii ambaye mwalimu hukutana naye kila linapotokea jambo la mtoto aliyetelekezwa au kudhulumiwa.

Kwa anayetaka kusoma nje ya nchi lakini asiende mbali, Chuo Kikuu cha Makerere, ng'ambo ya Ziwa, kina Skuli ya Saikolojia.

Mwanafunzi anayefaa hapa si lazima awe msemaji. Aghalabu ni msikilizaji. Wenzake humpelekea siri zao, naye hazitoi. Lakini mwalimu amwonye kwamba huruma peke yake haitoshi. Somo hili lina takwimu nyingi, na linadai kusoma sana.

Mlango wa Tatu: Afya ya Kidijitali

Jina hili ni jipya, lakini jambo lenyewe si geni. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wazima wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi kusikiliza redio, kujadili, na kisha kuchimba vyoo na kusafisha mazingira. Redio ilikuwa ndiyo chombo cha kisasa cha wakati huo. Katika miaka ya 1990 ukaja Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, yaani MTUHA, ambao vitabu vyake vikubwa vinajulikana katika kila zahanati. Siku hizi takwimu za MTUHA huingizwa katika kompyuta na kuonekana wilayani na wizarani. Kwa hiyo, afya ya kidijitali ni hatua nyingine ya kazi ile ile: kukusanya habari sahihi na kuzifikisha kwa anayeweza kuzitumia.

Mfano wake bora umeanzia hapa Kanda ya Ziwa. Ni utaratibu wa m-mama, uliojaribiwa kwanza katika wilaya za Sengerema na Shinyanga katika miaka ya 2010, na kuzinduliwa nchi nzima mwezi Aprili 2022. Mama mjamzito au mtoto mchanga akipata dharura, mtu hupiga simu bila malipo namba 115. Mtumishi aliyeko kituoni huuliza maswali yaliyopangwa, na programu ya kompyuta humsaidia kuamua ukubwa wa hatari na kituo kinachofaa. Kama gari la wagonjwa halipo karibu, huitwa dereva wa kijijini aliyekwisha kuandikishwa, naye hulipwa kwa njia ya simu. Lesotho nayo imeufuata utaratibu huo.

Mwalimu aonyeshe kwamba hapana kifaa cha ajabu katika habari hii. Simu ni ya kawaida na gari ni la kawaida. Kilichobuniwa ni mpangilio, na mtu aliyeubuni ilibidi ajue kompyuta, ajue uzazi salama, na ajue pia kwamba dereva asiyelipwa upesi hatakuja siku ya pili. Kinyume cha mfano huu, wanafunzi wengi huvutiwa na habari ya mwaka 2018, wakati ndege ndogo isiyo na rubani ilipopeleka dawa kutoka Mwanza hadi Ukerewe, umbali wa kilometa 60 juu ya maji, kwa muda wa dakika 40 hivi. Habari hiyo ni ya kweli na ni nzuri kwa kuamsha hamu. Lakini lile lilikuwa jaribio la miezi 6. Mwanafunzi aulizwe ni nani angeilipia ndege hiyo kila siku, ni nani angeitengeneza, na dawa zikifika ni nani angezipokea. Maswali haya yatamrudisha kwenye mlango wa kwanza, na hivyo ataona kuwa milango hii mitatu inaingia katika nyumba moja.

Kwa upande wa masomo, mbali na ile shahada ya Dodoma, mwanafunzi huweza kusoma shahada ya kawaida ya kompyuta, kisha akajielekeza kwenye afya kazini au katika shahada ya pili. Chuo Kikuu cha Makerere kina shahada ya uzamili ya taarifa za afya. Njia hii ya mzunguko ina faida kwamba mhitimu huweza pia kuajiriwa mahali pengine, katika benki, halmashauri au kampuni ya simu.

Jambo moja zaidi lisiachwe. Anayeshika kompyuta ya hospitali ameshika siri za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022, na kila anayeingia katika kazi hii atapimwa kwayo. Mwanafunzi ambaye leo anasambaza picha za wenzake kwa simu anahitaji kufundishwa adabu hiyo kabla ya kufundishwa kompyuta.

Masharti ya Kuingia

Shahada ya udaktari inadai ufaulu wa Fizikia, Kemia na Baiolojia, yote matatu, katika Kidato cha Sita. Milango tuliyoieleza ina masharti tofauti, na baadhi yake hupokea wanafunzi wa masomo ya jamii au ya biashara. Kiwango cha jumla cha kuingia chuo kikuu ni ufaulu wa masomo mawili ya ngazi ya juu yenye jumla ya pointi 4, pale ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Juu ya kiwango hicho kila shahada huongeza masharti yake, hasa kuhusu masomo yenyewe. Masharti hayo hutolewa kila mwaka katika kitabu cha mwongozo cha Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Mwalimu asitoe shauri lolote bila kukifungua kitabu cha mwaka husika.

Ipo pia njia ya stashahada. Mwanafunzi asiyepata nafasi ya Kidato cha Tano huweza kusoma cheti na stashahada katika chuo kinachotambuliwa na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, na akifikia wastani wa 3.0 aweze kuomba shahada inayohusiana nayo. Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa mwaka 1992, nacho kina kozi ya msingi kwa wale ambao njia za kawaida haziwatoshi. Njia hizi huchukua muda mrefu zaidi, lakini hufika. Mwalimu mwenye stashahada asisahau kwamba mlango wa saikolojia ya elimu uko wazi kwake pia.

Andalio la Somo

Somo hili limekusudiwa Kidato cha Pili au cha Tatu, katika vipindi viwili vya dakika 40. Huweza kufundishwa na mwalimu wa Uraia, Baiolojia au Jiografia, au na mwalimu wa unasihi.

Lengo: Mwisho wa somo mwanafunzi aweze kutaja angalau kazi sita zinazohitajika ili mgonjwa mmoja apone, na kueleza masomo yanayofikisha kwenye mojawapo ya kazi hizo.

Zana: Ramani ya Ziwa iliyochorwa ubaoni, vipande vya karatasi, na kitabu cha mwongozo wa vyuo.

Hatua ya kwanza (dakika 10): Mwalimu asimulie safari ya mgonjwa wa kubuni. Mama mjamzito wa kisiwa cha Ukara anatokwa na damu usiku. Anahitaji kufika Nansio, na yawezekana hadi Bugando. Wanafunzi waionyeshe njia hiyo katika ramani, kwa maji na kwa nchi kavu. Shule iliyoko Sengerema au Geita itumie njia yake, na kujadili safari ilivyokuwa ya kivuko kabla Daraja la Kigongo–Busisi halijafunguliwa mwezi Juni 2025.

Hatua ya pili (dakika 20): Katika vikundi vya watu watano, wanafunzi waandike kila mtu ambaye ni lazima afanye kazi yake ili mama huyo aishi, karatasi moja mtu mmoja. Mwalimu asiwasaidie mapema. Kwanza watamwandika daktari na muuguzi. Wakikwama, aulize: Nani alipokea simu? Damu ilitoka wapi? Nani aliyelipia mafuta? Mganga alijuaje kuwa mama huyu aliwahi kupasuliwa? Mume anayetetemeka nje atazungumza na nani?

Hatua ya tatu (dakika 20): Karatasi zibandikwe ubaoni katika safu nne: wanaotibu, wanaopanga na kugavi, wanaosaidia nafsi na tabia, wanaotunza na kupeleka habari. Kila kikundi kichague mtu mmoja na kujibu swali hili: Huyu akikosea, kitatokea nini? Hapo ndipo wanafunzi hutambua kwamba mtunza bohari aliyesahau kuagiza dawa huweza kusababisha kifo sawasawa na mganga aliyekosea.

Hatua ya nne (dakika 20): Mwalimu afungue kitabu cha mwongozo, na kwa kila safu wanafunzi watafute shahada moja na masharti yake. Wayaandike masomo wanayopaswa kuyashika tangu sasa.

Tathmini (dakika 10): Kila mwanafunzi aandike aya moja: Ni safu ipi ingenifaa, na ni tabia gani niliyo nayo inayonionyesha hivyo? Mwalimu azihifadhi aya hizo na kuzirudia naye mwaka unaofuata.

Kazi ya nje: Wanafunzi wawili wawili wamhoji mtumishi asiye mganga katika zahanati au kituo cha afya kilicho jirani, baada ya mwalimu kuomba ruhusa. Wasiulize habari za wagonjwa.

Mambo ya Kuepuka

Kwanza, mwalimu asiifanye milango hii kuwa jalala la walioshindwa. Akisema, "Kama huwezi udaktari, basi nenda uongozi," amekwisha kuidharau kazi hiyo mbele ya darasa zima, na mwenye kipawa chake ataiona aibu kuichagua.

Pili, asiahidi ajira. Nafasi za Serikali hutangazwa kwa vipindi, na waombaji huwa wengi. Mwanafunzi na mzazi wake waambiwe ukweli huo, pamoja na gharama za masomo na masharti ya mkopo wa Bodi ya Mikopo, kabla mzazi hajauza ng'ombe.

Tatu, ajihadhari na mawakala wa vyuo wanaopita mashuleni na vipeperushi vya rangi. Chuo chochote, cha ndani au cha nje, kithibitishwe kwanza Tume ya Vyuo Vikuu. Cheti kisichotambuliwa ni hasara ya miaka na ya mali.

Nne, asigawe milango kwa jinsia, wavulana kwenye kompyuta na wasichana kwenye unasihi. Mgawanyo huo hautoki katika masomo wala katika kazi. Unatoka katika mazoea yetu tu.

Hitimisho

Tumeeleza kwamba huduma ya afya inategemea kazi nyingi zaidi ya zile ambazo wanafunzi huzitaja, na kwamba kwa kazi tatu miongoni mwa hizo zimekwisha kuwapo njia za masomo ya chuo kikuu. Vijiji vya Mwanza vimetupa ushahidi wa kila moja: mpango mzuri uliopunguza maradhi pasipo madaktari wapya, ujuzi uliofundishwa vizuri lakini haukutosha kubadili mwenendo, na simu ya kawaida iliyogeuzwa kuwa gari la wagonjwa. Walimu wote, wawe wa sayansi au wa sanaa, wanaweza kuutumia ushahidi huu.

Wakufunzi wa vyuo vya ualimu tunashauriwa kuliingiza andalio hili katika mazoezi ya kufundisha, ili kila mwanachuo alijaribu angalau mara moja kabla ya kuhitimu, na alirekebishe kulingana na mahali atakapopangiwa kazi. Jambo la kuzingatiwa zaidi ni wakati. Shauri linalotolewa baada ya matokeo ya Kidato cha Nne huwa limechelewa; lianze Kidato cha Pili, wakati mwanafunzi bado anaweza kuchagua masomo yake.